Somo: Panga Jiko la Familia Kabla ya Kulijenga Upya



Kiangazi ni wakati wa kufyatua matofali na kukarabati nyumba. Hapa mkoani Kigoma, kati ya Juni na Septemba, udongo hukauka vizuri, na familia nyingi hubomoa jiko la zamani ili kujenga jingine kabla mvua hazijaanza. Familia zilizoishi Nyarugusu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 zinaijua kazi hii: jiko hujengwa, mvua hulila, hujengwa tena.

Lakini mara nyingi jiko jipya hujengwa palepale na kwa sura ileile. Moshi unabaki ndani. Mtoto anapita kati ya mama na sufuria. Kuni zimeegemezwa karibu na moto. Ndoo ya maji ya kunywa iko nyuma ya mafiga. Familia imetumia nguvu nyingi, na hatari imebaki kama ilivyokuwa.

Somo la leo linahusu mpangilio wa jiko, yaani kila kitu kikae wapi. Kupanga hakuhitaji pesa. Kunahitaji majivu, kamba, fimbo ya mita 1 na muda wa nusu siku.

Katika somo hili, "jiko" ni nyumba ya kupikia. Mahali penye moto tutapaita "meko", iwe ni mafiga matatu, jiko la udongo au mbabula ya makaa.

Baada ya somo hili utaweza:
- kueleza kwa nini mpangilio wa jiko ni jambo la afya;
- kuchagua mahali pazuri pa jiko katika kiwanja chako;
- kuchora jiko kwa majivu na kulijaribu kabla ya kujenga;
- kupunguza hatari hata kama huwezi kujenga mwaka huu.

1. KWA NINI JIKO NI JAMBO LA AFYA?

Matatizo manne makubwa huanzia jikoni.

Moshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mtoto anayeishi katika moshi wa kupikia, hatari ya kupata nimonia huongezeka karibu mara mbili. Moshi humdhuru pia mama mjamzito: mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Kuungua. Mtoto anayeanza kutembea hushika kila anachokiona. Maji ya moto, uji na maharage yanayochemka humuunguza kama moto wenyewe.

Kuhara. Mikono isiyonawiwa, nyama mbichi kukatwa penye mboga iliyoiva, na chakula kilichoachwa wazi kwa nzi huleta magonjwa ya kuhara. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwapata wakimbizi waliokuwa wakiingia Kigoma kutoka Burundi, na wengi wetu tunakumbuka.

Moto wa nyumba. Nyasi na turubai hushika moto haraka. Turubai likiungua linayeyuka na kudondoka juu ya watu. Moto wa jiko moja unaweza kuchukua nyumba za majirani pia.

2. NANI APANGE?

Mara nyingi wanaume ndio wanaojenga, na wanawake na wasichana ndio wanaopika. Anayejenga asipomuuliza anayepika, jiko huwa na kuta nzuri na matumizi mabaya. Soma mazungumzo haya ya mume na mke:

Mume: Mama Watoto, mlango nitauweka upande wa barabara. Wageni watauona vizuri.

Mke: Asante, Baba Watoto. Lakini nikiwa kwenye moto nitampa mtoto mgongo. Mimi nataka nikigeuza kichwa nione uani anapocheza.

Mume: Haya. Na dirisha tuliache pale lilipo?

Mke: Hapana. Dirisha la sasa liko nyuma ya kichwa changu. Moshi unapita kwangu kwanza, ndipo utoke. Likae upande wa pili wa meko.

Mume: Miaka yote hii hukuniambia.

Mke: Hukuniuliza, Baba Watoto.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: anayepika ndiye anayechora, na anayejenga anafuata mchoro. Muulize pia bibi, ambaye huenda haoni vizuri moshi ukiwa mwingi, na msichana anayeteka maji. Kama nyumbani kuna mtu mwenye ulemavu anayepika, vipimo vyote vianze kwake.

3. HATUA YA KWANZA: TAZAMA JIKO ULILONALO

Kabla ya kubomoa, tazama jiko lako kwa siku tatu. Jiulize:

- Moshi unaelekea wapi asubuhi? Jioni je? Funga kitambaa chepesi kwenye mti karibu na jiko, kikuonyeshe upepo unakotoka.
- Wakati wa kupika mlo mmoja, unapita karibu na moto mara ngapi kufuata maji, chumvi au mwiko?
- Mtoto mdogo anaingia kwa njia gani, na anakaa wapi?
- Mvua ikinyesha, maji yanaingia wapi?
- Unakatia mboga wapi? Vyombo vilivyooshwa vinakauka wapi?

Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayoongoza mchoro wako.

4. HATUA YA PILI: CHAGUA MAHALI KWENYE KIWANJA

Kwanza, omba ruhusa. Zungumza na kiongozi wa kijiji chako na shirika linaloshughulikia makazi kabla ya kuongeza au kuhamisha jengo. Zungumza pia na jirani, kwa sababu moshi wako utafika kwake.

Nafasi kati ya majengo. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataka angalau mita 2 kati ya jengo na jengo, na ni bora zaidi nafasi iwe mara mbili ya urefu wa jengo. Jiko lenye urefu wa mita 2 lingefaa kuwa mita 4 kutoka kwenye nyumba. Kiwanja kikiwa kidogo, weka meko kwenye kona iliyo mbali zaidi na nyumba ya kulala. Usiezeke paa la jiko likagusana na paa la nyumba.

Choo. Jiko likae mbali na choo kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na milango yao isitazamane. Nzi hutoka chooni wakaenda kwenye chakula.

Mteremko. Jiko likae sehemu ya juu kidogo. Maji ya kuoshea vyombo yatelemke kwenda kwenye shimo dogo lililojazwa mawe, au kwenye bustani ya mboga. Yasituame mlangoni.

Shimo la udongo. Shimo ulilochimba kwa ajili ya matofali likiachwa wazi hujaa maji mvua zikianza. Mbu huzaliana humo, na mtoto anaweza kuzama. Panga tangu mwanzo udongo utachimbwa wapi, na nani atalifukia shimo kazi ikiisha.

5. HATUA YA TATU: CHORA KWA MAJIVU

Safisha mahali ulipochagua. Tumia fimbo ya mita 1 na kamba kupima kuta nne, kisha mwaga majivu kufuata kamba. Acha nafasi ya mlango. Sasa weka alama za sehemu sita:

a) Maji. Ndoo au dumu la maji ya kunywa, lenye mfuniko, likae karibu na mlango juu ya tofali. Anayetoka kisimani asipite karibu na moto na mzigo kichwani. Weka hapohapo maji ya kunawa mikono na sabuni.

b) Chakula. Unga, maharage na mafuta vikae mbali na joto na unyevu, juu ya kichanja kilichoinuka angalau shubiri moja kutoka sakafuni, ndani ya vyombo vyenye mifuniko ili panya wasifike.

c) Mahali pa kuandalia. Meza ya matofali iliyosiribwa vizuri, kati ya maji na meko. Hapa ndipo unapokata sombe, kuchambua maharage na kupakua. Nyama na samaki wabichi wawe na ubao wao na kisu chao. Kama kisu ni kimoja, kioshe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula kilichoiva.

d) Meko. Yakae mwisho wa jiko, mbali na mlango, ili moto ukikua mpishi awe na njia ya kutoka bila kuupita. Katika umbali wa mita 1 kuzunguka meko pasiwe na kitu kinachoungua, na mtoto asifike hapo.

e) Kuni. Ndani ziwe kuni za siku moja tu. Nyingine zikae nje chini ya upenu, mahali pakavu. Usianike kuni juu ya moto.

f) Kuoshea vyombo. Sehemu hii iwe nje. Jenga kichanja cha miti kwenye jua, ili vyombo vikauke bila kufutwa kwa kitambaa kichafu.

Kisha weka alama za madirisha mawili. Moja liwe chini kiasi, upande upepo unakotoka. La pili liwe juu, upande wa pili, karibu na meko. Hewa safi itaingia kwa chini, moshi utatoka kwa juu, na wewe utakaa upande wa hewa safi. Pia acha nafasi ya shubiri moja kati ya ukuta na paa upande wa meko.

6. HATUA YA NNE: PIKA BILA MOTO

Hatua hii watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Ingia ndani ya mchoro wa majivu ukiwa na sufuria, mwiko, ndoo na ungo wako. Pika ugali na maharage kwa kuigiza, bila moto. Chota maji. Leta unga. Geuka. Songa. Epua. Pakua. Mtu mmoja ahesabu hatua zako, na mwingine atazame unapopishana na watoto.

Wakati huo pima urefu wa meko. Panga matofali, weka sufuria juu yake, shika mwiko na songa kwa nguvu kama kawaida. Meko yakiwa juu, mtoto mdogo hafikii sufuria kwa urahisi. Yakizidi kuwa juu, mpishi hapati nguvu ya kusonga. Ongeza au ondoa tofali mpaka mwili wako ukubali.

Kama umevuka mita 1 ya meko kufuata chumvi, hamisha chumvi. Kama umebeba sufuria ya moto kupita mlangoni, hamisha meza. Kufuta majivu na kuchora upya ni kazi ya dakika chache. Kubomoa ukuta ni kazi ya siku nyingi.

7. MFANO: JIKO LA FAMILIA YA WATU SABA

Tuchukue familia ya watu saba ambayo upepo wake wa kawaida hutoka upande wa mashariki. Wamechora jiko la urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.5. Mlango uko ukuta wa kusini, unatazama uani na nyumba ya kulala.

- Ukiingia, kushoto kwako ni ndoo ya maji na sabuni. Inafuata meza ya matofali ya mita 1.
- Meko yako kona ya mwisho kushoto, yaani kaskazini-magharibi, mbali na nyumba. Dirisha la juu liko ukuta wa magharibi, karibu na meko.
- Kulia kwako, karibu na mlango, ni kichanja cha chakula. Dirisha la chini liko ukuta huohuo wa mashariki, mbele kidogo ya kichanja.
- Mpishi hukaa upande wa mashariki wa meko, ubavu wake wa kushoto ukielekea mlangoni. Hewa safi inatoka nyuma yake, moshi unakwenda mbele na kutoka. Akigeuza kichwa anamwona mtoto uani.
- Mlangoni wameweka mlango nusu wa mabanzi wenye urefu wa sentimita 70. Unawazuia mtoto, mbuzi na kuku. Unafungukia nje na hauna kufuli, ili mpishi atoke haraka ikibidi.

Kutoka kwenye maji hadi kwenye meko ni hatua tatu, na katika hatua hizo hakuna mtoto anayepita.

8. KAMA HUWEZI KUJENGA MWAKA HUU

Huenda huna matofali, au mwenye nguvu za kujenga hayupo. Hata hivyo unaweza kufanya mambo haya wiki hii:

- Hamisha maji yakae karibu na mlango.
- Toa kuni nje, ubakize za siku moja.
- Toboa au panua tundu la moshi juu, upande wa meko.
- Tengeneza mlango nusu kwa mabanzi au fito.
- Loweka maharage usiku kucha, pasua kuni ziwe nyembamba na kavu, na funika sufuria. Chakula kitaiva mapema na moshi utapungua. Pia utapunguza safari za kutafuta kuni, ambazo ni hatari kwa wanawake na wasichana.
- Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto atadhani ni kinywaji.
- Usiingize mbabula yenye makaa yanayowaka kwenye nyumba ya kulala, hata kama kuna baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Jirani wawili wenye viwanja vidogo wanaweza kukubaliana kujenga jiko moja lenye meko mawili. Wakubaliane kwanza zamu za kupika na za usafi.

9. AJALI IKITOKEA

Mtu akiungua:
- Mwondoe kwenye moto. Kama nguo inawaka, alale chini na kubingirika.
- Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20.
- Vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa zilizonata kwenye ngozi.
- Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya.
- Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu, unga wala yai. Usipasue malengelenge.

Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, funika kwa mfuniko na uondoe kuni. Usimwage maji.

Mtoto anayekohoa akipumua haraka, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Hesabu pumzi zake kwa dakika 1 akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni pumzi 40 au zaidi. Kichanga wa chini ya miezi 2 anayepumua kwa shida apelekwe bila kusubiri kuhesabu. Kama kifua kinabonyea ndani, au mtoto hawezi kunyonya au kunywa, mpeleke mara moja, hata usiku.

10. MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KWENYE KIKUNDI

1. Katika jiko lako la sasa, ni kitu gani kinakulazimisha kupita karibu na moto mara nyingi?
2. Upepo wa kwako unatoka wapi, na moshi wako unakwenda kwa nani?
3. Mara ya mwisho jiko lilipojengwa, anayepika aliulizwa?
4. Ni badiliko gani moja mnaloweza kufanya kabla ya Jumapili?

Ukihitaji msaada wa kupima au kuchora, mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Mwonyeshe mchoro wako wa majivu kabla ya kuweka tofali la kwanza. Majirani wakija kutazama, waeleze unachofanya, nao wachore ya kwao.

Kinga ni bora kuliko tiba.